Kiti cha Nyuma cha Joka

Arua, Uganda

Mke wangu Mama Rehema,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye mkeka, barazani mwa hospitali, ambako ndiko ninakoishi siku hizi. Mimi ni mzima. Nakula, natembea, na kichwa kinafanya kazi ingawa wewe siku zote una mashaka nacho. Wewe je? Miguu bado inavimba jioni? Mtoto anacheza tumboni au amekuwa mpole kama mjomba wake? Rehema ameacha kulamba udongo wa ukutani, au anamsubiri mwenzake azaliwe walambe pamoja? Na Mama, kifua kimempungua? Nauliza yote haya nikijua kwamba majibu yake nilitakiwa nije niyaone kwa macho yangu.

Shabani, dereva anayekuletea barua hii, alitakiwa akuletee mimi. Alishusha mzigo wake Kaya, Sudani Kusini, akavuka mpaka hapo Oraba, akaja mpaka Arua kunichukua, na nafasi yangu kwenye lori ilikuwepo kando yake, na mto wa kulalia juu. Sikupanda. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaichana. Simu ninayo, na vocha ipo, lakini nikiisikia sauti yako nitalikimbilia lile lori barabarani kwa miguu, hata kama limeshafika kwenye daraja la Mto Nili. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Rehema alipozaliwa nilikuwa Uarabuni, nafunga watu mikanda kwenye yale mabembea yao makubwa. Nilimwona mara ya kwanza akiwa tayari anatambaa, akanikimbia akalia. Nilikuapia kwamba wa pili atanikuta nyumbani. Sijasahau kiapo hicho hata siku moja, na wala usidhani nimekichukulia kama mzaha wangu mwingine.

Nianze na mabembea, maana ndiyo yaliyonileta huku na ndiyo yaliyoniharibia. Unajua tajiri wetu alivyokuwa na tamaa ya kwenda pasipoenda wengine. Tulipotoka Gulu akasema twende West Nile, huko hawajawahi kuona rola kosta. Arua walitupokea kama tumeleta harusi. Tulifunga vyuma vyetu upande wa Oli, mto unapopita, na watu wakaja mpaka kutoka Logiri mashambani, wamevaa nguo zao za kanisani, wamesimama mbali kwanza wakitazama kama kweli mtu anaweza kurushwa hivyo akarudi na meno yake yote.

Mama Rehema, mpe mtu mabembea manne achague, utamjua kabla hajakutajia jina. Hapa waendesha bodaboda, watu wanaokata kona kama wamechoka kuishi, walipenda merigoo ya watoto! Wanakaa juu ya farasi wa plastiki, wamemshika masikio, wanatabasamu kama wako kwenye picha. Akina mama wazee walipenda Merikebu, ile inayoning'inia na kupepesuka mbele na nyuma. Wanapanda wameshikana mikono, ikienda juu wanapiga vigelegele, ikirudi chini wanamwita Yesu. Mhubiri mmoja alipanda viti vya minyororo, kiatu kimoja kikamtoka kikarukia paa la jirani, naye akakata tiketi nyingine apande tena akitafute kwa juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mimi unanijua, mimi ni wa Joka. Lile treni la kichwa chekundu ulilokataa hata kulisogelea tulipolifunga pale Tanga. Uarabuni nilihudumia marola kosta yanayopindua watu miguu juu, marefu mpaka ukiwa kileleni unaona bahari upande huu na jangwa upande ule, na sikuyapenda kama ninavyolipenda hili letu lenye kutu. Yale yana kompyuta. Hili nalijua kwa sikio. Kila asubuhi kabla hatujafungua nilikuwa napanda mwenyewe, peke yangu, kiti cha nyuma, nausikiliza mnyororo unavyovuta, naachiwa kileleni, nashuka nacheka kama mwehu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nalipwa kwa kitu ambacho ningekifanya bure.

Kutoka Arua tukaenda Koboko. Hapo ndipo nilipomjua Keji.

Keji ni msichana muuza chai. Yeye na mama yake walikimbia vita Yei, ng'ambo ya mpaka, wakakaa Koboko, na chai yake ina tangawizi kali mpaka inakutoa machozi. Siku ya kwanza alikuja na birika lake tukiwa bado tunafunga bolti, akalitazama Joka kutoka kichwani hadi mkiani, akaniuliza, "Fundi, hii nyoka yako nakula mutu?" Nikamwambia halimli mtu, linamtafuna kidogo tu kisha linamrudisha. Akacheka. Ninalikumbuka jibu langu hilo kila siku, mke wangu, na natamani ningekuwa bubu.

Tulimpa apande bure kwa sababu ya chai, na pia kwa sababu akipanda Keji uwanja mzima unapanda. Alikuwa na ukelele mmoja mrefu, wa furaha tupu, watu wanausikia mpaka sokoni wanakuja kuona kuna nini. Mwanzo alikaa mbele. Akashuka akaniambia, "Iko tamu. Lakini huku mbele mimi naona kila kitu, woga nakwisha haraka." Nikamwambia basi kaa nyuma. Nikamweleza kama fundi anavyomweleza fundi mwenziwe: behewa la nyuma linafika kileleni wakati wenzake wameshaanza kushuka, kwa hiyo halishuki lenyewe, linanyakuliwa, na hapo makalio yanaachana na kiti. Akakaa nyuma. Aliposhuka alikuwa ameshika tumbo, anaruka ruka, "Ai! Fundi! Tumbo yangu imebaki kule juu!" Tangu siku ile hakukaa pengine, na mtu mwingine akikaa pale anafukuzwa.

Kwa hiyo kama kuna mtu atakuuliza ni nani aliyempeleka Keji kwenye kiti kile, mwambie unamjua.

Sasa kuhusu uwanja. Sisi watu wa mabembea tuna njia yetu ya kuijaribu ardhi. Tunapitisha lile lori la jenereta juu yake, huku na huku, na lisipotitia tunafunga. Kisha mimi naweka pima maji kwenye kila mguu wa Joka, nasawazisha kwa vipande vya mbao, basi. Hatumuulizi mtu. Tumefanya hivyo miji yote. Pale Koboko palikuwa tambarare nzuri, kavu, ngumu kama sakafu, na tajiri akasema Mungu ametuandalia. Kumbe si Mungu. Palikuwa shimo, watu walichimba udongo wa matofali pale kwa miaka mingi, halafu likafukiwa kwa takataka na kifusi. Kila mtu Koboko anajua. Mama yake Keji aliniambia baadaye, wala hakuniambia kwa ubaya, "Pale ilikuwa shimo ya matofali. Sisi nafikiri nyinyi najua. Nyinyi ni watu ya mashine."

Wakati wa kiangazi lori lilipita bila alama. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilipima, povu la pima maji likatulia katikati. Nikapanda mwenyewe, kiti cha nyuma, nikashuka nacheka. Mtu mmoja si mzigo. Mchana jua likatoka, watu wakajaa, mabehewa yote yakajaa, na kwenye ile kona ya chini ya kilele mguu mmoja ukazama. Niliuona ukizama. Ulikwenda polepole tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti, na reli ikalala upande. Mabehewa ya mbele yakapita. La nyuma likachomoka.

Wengine walipata michubuko, mmoja alivunjika mkono. Keji alianguka chali. Nilipofika alikuwa macho wazi, ananitazama, hakulia, akaniuliza, "Fundi, imekwisha?" alivyokuwa akiuliza kila siku treni likisimama. Nikasema imekwisha, Keji. Akasema basi nisaidie kushuka. Alikuwa tayari yuko chini.

Tajiri hakungoja gari la wagonjwa. Wakati sisi tunambeba yeye alikuwa ameshawasha lori la jenereta, akashika barabara ya Oraba. Polisi walinihoji mimi na wenzangu, wakapima ule mguu, wakasema wanayemtaka ni mwenye mali, sisi tuko huru. Wenzangu kila mmoja akashika njia yake, na siwalaumu, wana watoto. Mimi nilipanda gari la wagonjwa na Keji na mama yake tukaja Arua, kwa sababu nilikuwa nimeshika upande mmoja wa machela na sikujua ni wakati gani mtu anatakiwa kuuachia.

Hapa mgonjwa anauguzwa na nduguze. Daktari anatibu, muuguzi anachoma sindano, lakini kupika, kufua, kulisha na kugeuza ni kazi yenu wenyewe. Na Keji ni wa kugeuzwa. Mgongo umeumia, kutoka kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Daktari anasema uvimbe upungue kwanza, huenda miguu ikarudi, huenda isirudi, hawezi kuapa. Lakini muuguzi alituambia wazi: huyu asipogeuzwa mara kwa mara, mchana na usiku, ngozi itaoza mgongoni, na hivyo vidonda ndivyo vitakavyomuua. Mama yake ana bega bovu, lilitoka walipokuwa wakikimbia vita na halikurudi vizuri. Hawezi kumnyanyua. Baba alifia Yei. Kuna mjomba mmoja tu, Mzee Lomoro, anayebadilisha fedha mpakani Oraba, na asipokaa pale hawali.

Kwa hiyo namgeuza mimi. Nakwambia mwenyewe ili usije ukaambiwa na mtu. Mama yake anamfunika kitenge chote, mimi nageuza uso wangu ukutani, nashika shuka aliyolalia, tunahesabu pamoja na kuvuta. Mkono wangu haugusi mwili wake. Ni mdogo wangu, ni kama Zaina wetu. Kama bado una wivu, basi uwe nao, una haki, lakini namgeuza.

Mzee Lomoro alipokuja mara ya kwanza nilisimama nikavua saa yangu nikaiweka mfukoni, nikijua napigwa. Akanitazama, akakaa kwenye mkeka wangu. "Mimi hapana kuja kupiga wewe," akasema. "Bosi yako imekimbia. Mimi naona yeye napita Oraba kwa macho yangu, kama mutu iko na kuhara. Sasa mimi nauliza wewe kitu moja tu. Wewe nabaki, ama wewe nakwenda?" Nikasema nabaki. "Mpaka lini?" Na mimi, mjinga wako, nikasema mpaka Keji ageuke mwenyewe. Akanipa mkono. Akafungua kikapu tukala ule ugali wa muhogo ambao watu wa Arua wanauita enyasa, kwa mchuzi wake wa kunde. Wakati ule nilidhani ni jambo la wiki mbili tatu.

Unajua anachokitaka Keji hapa wodini? Si chai, si redio. Anataka nimpandishe Joka kwa maneno. Anasema, "Fundi, leo nipeleke ile kubwa ya Uarabuni." Basi nakaa kwenye ndoo, nampandisha. Namwambia funga mkanda, mnyororo umekamata, kak-kak-kak-kak, tunapanda, bahari ile pale, jangwa lile pale, usitazame chini, sasa kimya, sasa... na anashika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili na kufumba macho, na nikisema "haaaya!" anapiga ule ukelele wake, mdogo sasa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanapiga nao. Bibi mmoja wa Logiri aliyevunjika nyonga anadai apewe kiti cha mbele. Siku moja tulipofika chini Keji akasema, "Tumbo yangu imeshuka vizuri. Lakini miguu haikuja." Nikatoka nje. Nililia nyuma ya mahali pa kufulia mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakanipisha.

Shabani alipopiga simu kwamba anapita, sikuwaambia. Ni yeye aliyekuja wodini na sauti yake ile ya baharini akasema mbele ya wote, mkeo anakaribia kujifungua, twende. Keji akanigeuzia kichwa. "Fundi, wewe iko na bibi nataka kuzaa, na wewe hapana sema?" Hata Mzee Lomoro alipopigiwa simu akasema, "Mutoto ni mutoto. Mwambie aende, mimi hapana kasirika." Mama Keji akanifungia chupa ya odi, ile siagi yao ya karanga na ufuta, akasema ni ya mzazi, inaleta maziwa. Ndiyo hiyo aliyoibeba Shabani, uile kwa uji. Waliniachia wote, Mama Rehema. Hakuna aliyenishika. Nilitaka ujue hilo, usije ukawachukia.

Leo asubuhi nikakunja mkeka, nikaaga. Keji alinipungia mkono anacheka, akasema nikimpata mtoto wa kike nimkalishe nyuma. Nikatoka. Njia ya kwenda getini inapita chini ya madirisha ya wodi, na lori lilikuwa linaunguruma pale nje. Sikutaka kutazama ndani. Nikatazama. Mama Keji alikuwa amepiga goti juu ya kitanda, ameshika shuka kwa mkono wake mmoja mzima na kwa meno, anavuta. Keji alikuwa amefika nusu, akamponyoka, akarudi chali kwa kishindo. Na Keji alikuwa ameziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Alikuwa anasubiri nipite.

Nilirudi. Nikashika shuka, tukahesabu, tukamgeuza. Keji aliniona akaanza kunitukana, kweli kweli, "Fundi, wewe ni mujinga! Enda! Bibi yako nazaa!" na machozi yanamtiririka puani. Nikamwambia najua. Shabani akapiga honi. Nikamwomba aningoje niandike, na huyo yuko getini sasa hivi anakunywa chai na kunitazama kama mtu aliyerogwa.

Mke wangu, sina maneno mazuri. Nimekata tamaa. Nimeahidi kitu ambacho huenda hakina mwisho, maana daktari hawezi kuapa, na naona miguu ile inazidi kukonda. Mzee Lomoro anatafuta ndugu wa kiume kwenye kambi za wakimbizi huko ndani, mtu mwenye mgongo wa kunyanyua. Akipatikana nitakuja siku hiyo hiyo, hata juu ya magunia. Asipopatikana sijui. Nikikaa nakuacha wewe na uchungu peke yako mara ya pili. Nikija namwacha yule anaoza. Nimezigeuza hizi mbili mpaka zimenichubua na bado sijapata ya tatu. Kama una hasira, kasirika, tena kwa sauti, usinifichie. Usiniambie unaelewa. Sitaki uelewe kwa ajili ya kunituliza.

Nisalimie Mama, mwambie asije akakulaumu wewe kwa makosa yangu. Msalimie dada yangu Zaina, ahamie kwako kuanzia leo na alale chumba kimoja na wewe. Nisalimie jirani yetu aliyempokea Rehema alipozaliwa. Nampigia magoti, asisafiri mwezi huu. Rehema mpe peremende atakazotoa Shabani, na umwambie baba yake hajamkimbia, yuko kazini.

Na msalimie kaka yangu Hamisi, fundi cherehani. Mwambie mtoto akizaliwa ndiye atakayemwadhinia sikioni, kama alivyofanya kwa Rehema. Asiharakishe kama anavyoharakisha suruali za watu. Nimekuwa nikijizoeza adhana hiyo huku, nje kwenye kamba za kuanikia, kwa sauti ndogo, ya kutosha sikio dogo. Basi akimaliza yeye, kabla hujampa mtu mwingine ambebe, mnong'oneze jina langu. Mara moja inatosha. Asije akalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayeuliza niko wapi.

Ni mimi mume wako niliyekuapia,

Salimu, Baba Rehema